Muhuri wa Wendell Vrabel

Katika nyumba nzima ya Mtaa wa Tatu, mjini Harmon Ferry, Wendell Vrabel alikuwa na mahali pamoja tu alipopaita pake. Palikuwa chini ya nyumba, baina ya tanki la maji moto na mashine ya kufulia ya mkewe, Bernadine. Hapo palikuwa na meza nzito ya mbao, jiliwa la kubania vyuma, taa ya shingo ndefu, na safu ya makopo ya kahawa yaliyojaa vipuri vya bunduki. Kwa miaka thelathini na mmoja Wendell alikuwa fundi mitambo kwenye matanuri ya makaa kando ya mto Monongahela. Alipostaafu, mikono yake ilikataa kustaafu pamoja naye.

Bunduki alizozipenda zilikuwa za aina moja, M1, ile inayojipakia risasi yenyewe, ambayo vijana wa jimbo lao la Pennsylvania waliibeba Ulaya na baadaye Korea. Vita vilipokwisha, jeshi lilizirudisha kwenye bohari, likazifungua, likachanganya viungo vyake, na baada ya miaka mingi likaviuza kwa masanduku. Watu wengi hununua vipuri hivyo, wakaunga bunduki moja inayofanya kazi, wakaenda kulenga karatasi siku ya Jumamosi na kurudi nyumbani wameridhika. Wanaume wa chama cha Harmon Ferry hawakuridhika kirahisi hivyo. Walitaka kila kipuri kiwe kimetoka kiwanda kimoja na msimu mmoja, hata bunduki ionekane kana kwamba imetolewa kiwandani jana. Mtu aliweza kutafuta springi moja kwa miaka minne. Wake zao waliwacheka, nao wakacheka pia, kisha wakaendelea kutafuta.

Kila Jumanne alasiri walikutana katika ukumbi wa zimamoto. Hakimu wao alikuwa Orville Tressler, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mrefu mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Orville alitandika taulo jeupe juu ya meza, akaifungua bunduki ya mtu, akasoma namba ya kila kipuri kwa sauti. Kikiwa cha ukoo mmoja na vingine, alisema, "Mwenyeji." Kikiwa cha kiwanda kingine au mwaka mwingine, alisema, "Mgeni," na hapo utani ukaanza. Mmoja aliuliza kama mgeni huyo ana pasipoti. Mwingine alisema aonyeshwe mlango kabla hajala haluski yote, maana sahani za chakula hicho cha kabichi na tambi hazikukosekana mezani hapo.

Chama hicho kilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: kitako cha zamani, ile mbao ya bunduki inayoegemezwa begani, hakiguswi kwa msasa. Mbao hiyo ya mti wa jozi huoshwa, hukaushwa, hupakwa mafuta ya kitani kwa kiganja cha mkono, kisha husubiriwa. Sababu ni kwamba ubavuni, upande wa kushoto, mkaguzi wa jeshi alikuwa akipiga muhuri wake: kisanduku kidogo chenye herufi za jina lake. Vyuma vyaweza kutafutwa mpaka vikapatikana. Muhuri ukifutika hauna pa kutafutwa.

Wendell aliijua sheria hiyo, na aliivunja.

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita, alipokuwa bado mgeni chamani. Alikuwa amepata kitako kilichofunikwa na grisi nyeusi ya bohari, nene kama lami. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuondoa uchafu mpaka chuma king'ae, na mkono wake ukachukua msasa kwa mazoea. Redio ilikuwa ikitangaza mpira wa besiboli. Alisugua, akapuliza vumbi, akasugua tena. Alipopuliza mara ya tatu aliona pembe ya kisanduku na nusu ya herufi moja. Aliacha palepale, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama vumbi lile la rangi ya kahawa kwenye suruali yake.

Kulikuwa na mfanyabiashara huko Ohio aliyeuza mihuri ya kuigiza, kwa watu wanaopamba vitako vipya bila kumdanganya yeyote. Wendell aliagiza mmoja. Alijiambia ni mzaha: ataupiga, atampelekea Orville, Orville ataucheka baada ya dakika moja, na yeye atakiri huku akiwagawia watu kahawa. Aliupiga kwa nyundo pigo moja. Aliufifisha, akapaka mafuta wiki sita mfululizo, akaiunga bunduki yake, akaipeleka ukumbini.

Orville hakucheka. Alisogeza taa, akainama na kioo chake, akakaa hivyo mpaka watu wakaacha kutafuna. Kisha akavua kofia yake, kama mtu aliyeingia kanisani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyeji."

Pale pale ndipo Wendell alipopaswa kusema. Alifungua kinywa. Lakini watu walikuwa wameshaanza kumpiga mgongoni, na Orville alikuwa ameshika kofia kifuani, na ilionekana ni ukatili kumwambia aivae. Siku iliyofuata Wendell alikitupa kile chuma cha muhuri mtoni, akadhani amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Orville aliupiga muhuri picha kubwa, akaichapisha katika jarida la chama. Bernadine aliukata ukurasa ule na kuubandika kwenye friji, kando ya picha za wajukuu, hivyo kila asubuhi Wendell alichukua maziwa mbele yake. Mwaka wa tatu, Denny Kosko, mwenye bucha ya Mtaa wa Maji, alileta bunduki ya marehemu baba yake. Mzee Kosko aliiunga mwenyewe kwa vipuri vya bohari zamani, juu ya meza ya jikoni, na kitako chake hakikuguswa na yeyote. Orville aliweka ile picha kando ya muhuri wa Kosko. Herufi za Kosko ziliegemea kidogo, na kisanduku kilikuwa chembamba zaidi. Orville alipima mara mbili, akasema, "Mgeni. Muhuri huu ni wa kuigiza."

Kosko alisema baba yake hakuwa tapeli. Orville alijibu kwamba hakuna aliyesema hivyo, ila namba ni namba. Wendell, aliyekaa kiti cha pili, aliinua mkono wake kidogo, ukafika kwenye sikio, akajikuna. Kosko alifunga bunduki katika blanketi akaondoka, na hakurudi tena ukumbini.

Tangu siku ile meza ya chini ya nyumba iligeuka kifungo. Wendell alishuka kila siku, kwa kuwa asiposhuka Bernadine angeuliza kulikoni. Alipaka vitako vya wenzake mafuta, kwani sasa walimwona ndiye bingwa wa mbao. Kadiri walivyomsifu ndivyo alivyopungua maneno. Alikoma kununua nyama Mtaa wa Maji, akawa anavuka daraja kwenda mji wa pili.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, chumba cha kumbukumbu cha kaunti kiliomba kitu cha kuweka kwenye kabati la kioo. Chama kilipiga kura bila kubishana: bunduki ya Vrabel, na chini yake maelezo ya jinsi ya kutambua muhuri wa kweli. Orville aliyaandika mwenyewe.

Habari zilimfikia Kosko buchani. Asubuhi ya Alhamisi gari lake lilisimama mbele ya nyumba ya Vrabel, naye akashuka na lile blanketi mikononi.

"Mzee Vrabel," alisema mlangoni, "sikuja kugombana. Nataka kuziona mbili pamoja, kwa macho yangu. Nikiona alichoona Tressler, nitanyamaza mpaka kufa."

Wendell angefanyaje? Alimpeleka chini. Waliviweka vitako viwili ubavu kwa ubavu chini ya taa. Muhuri wa Kosko ulikuwa umezama katika mbao kama kovu la utotoni, ngozi na kovu vikiwa kitu kimoja. Ule wa Wendell ulikaa juu ya mbao kama kishikizo. Kosko aliinama, akautazama mmoja, kisha mwingine.

"Mimi ni mchinja nyama," alisema mwishowe. "Sijui mihuri. Ila nyama iliyogandishwa na nyama ya leo nazitambua." Alimtazama Wendell usoni. "Wewe je, unaona nini?"

Wendell alisema kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri karibu. Kosko alitikisa kichwa, akakunja blanketi, akapanda ngazi bila kuaga.

Alipobaki peke yake, Wendell alijiona mjanja kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Kama muhuri wake usingekuwapo, hakungekuwa na cha kulinganisha. Maelezo ya Orville yangekosa mfano, na Kosko angekuwa huru bila mtu yeyote kulazimika kusema neno. Alichukua msasa, akausugua muhuri mpaka mbao ikabaki tupu na nyeupe. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa.

Jumanne aliiweka bunduki juu ya taulo. Orville alipitisha kidole pale palipokuwa na muhuri, akakipitisha tena.

"Uliusugua," alisema Orville.

"Niliusugua."

"Lini?"

"Unaulizia mara ya kwanza au ya pili?"

Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyeuliza. Walidhani ni umri. Mmoja alimletea kiti. Orville alivuta pumzi, akajitahidi kuwa mpole, akasema ajali humpata kila mtu, na la kushukuru ni kwamba picha ipo. Wangeikuza ukubwa wa dirisha, waitundike ndani ya kabati juu ya bunduki, na kwa kweli watu wangeuona muhuri vizuri zaidi kuliko kwenye mbao.

Wendell alihisi kama mtu aliyeruka ukuta wa gereza akaangukia ua wa pili. Alisimama. Alilisema lote, toka grisi na redio mpaka chuma kilichokwenda mtoni, na akasema kwamba muhuri wa Kosko ndio wa kweli. Alisema polepole, bila kupamba.

Orville alivua kioo shingoni, akakiweka mezani.

"Nimeutazama muhuri ule dakika arobaini kwa kioo hiki, Wendell. Mara ngapi sijui. Leo unaniambia nini?"

"Nakuambia niliupiga kwa nyundo nikisikiliza mpira."

"Gari la Kosko lilionekana kwako Alhamisi."

"Lilikuwapo."

"Basi," alisema Orville, akiwageukia wenzake. Neno hilo moja liliwatosha. Mtu amemwonea huruma jirani, ameharibu kitu chake mwenyewe ili jirani apate heshima. Baadhi yao walimtazama Wendell kwa mapenzi kuliko zamani.

"Nipeni ule muhuri niwaonyeshe," alisema Wendell, kisha akakumbuka kwamba ameufuta. Kila alama ambayo jicho zuri lingeweza kuitilia shaka ilikuwa vumbi chini ya nyumba yake.

"Na chuma chenyewe kiko wapi?" aliuliza mmoja.

"Mtoni."

"Haya, mwiteni mto aje atoe ushahidi," alisema mwingine, na wakacheka, lakini kwa upole, kama watu wanavyocheka mbele ya mgonjwa.

Orville alimwekea mkono begani. "Una moyo mzuri, rafiki yangu. Umekuwa nao siku zote. Lakini historia haiandikwi kwa huruma." Vidole vyake vilibana kuliko ilivyohitajika, na kwa nukta moja Wendell aliona machoni mwake kitu kilichofanana na ombi. Miaka minane ya hukumu, mwenyeji huyu na mgeni yule, zote zilipimwa kwa picha ile. Orville naye hakuwa na mlango wa kutokea.

Wendell hakurudi nyumbani moja kwa moja. Aliteremka Mtaa wa Maji, akaingia buchani, ambako foleni ya wanunuzi wa hemu, mapaja ya nguruwe ya Pasaka, ilikuwa imefika mlangoni. Alipanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yake, Kosko alifuta mikono kwenye aproni na kumuuliza anataka nini, kwa sauti anayotumia kwa mteja asiyemjua.

"Muhuri wa baba yako ni wa kweli," alisema Wendell. "Wangu niliupiga mimi. Nilijua siku ile ulipokuja chamani na nikanyamaza. Nilijua Alhamisi pia."

Mama mmoja nyuma yake aliacha kutafuta kitu mkobani. Kosko aliweka kisu chini.

"Umewaambia wao?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Hawakuniamini."

"Waonyeshe basi."

"Sina cha kuwaonyesha. Niliusugua."

Kosko alimtazama mpaka mashine ya kukatia nyama ikajizima nyuma yake. Hakutabasamu, wala hakunyoosha mkono. Alichukua karatasi, akauliza kama soseji ya Kipolandi, aliyokuwa akinunua zamani, anaitaka nzima au vipande, na Wendell akasema nzima. Aliifunga taratibu, akakunja pembe za karatasi, akaisukuma juu ya kaunta.

"Miaka mitano nasema ukweli mji mzima ukinikatalia," alisema. "Sasa tuko wawili."

Kisha akamwita anayefuata.