Siku Nilipomkata Mama Mayunga kwenye Zamu

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni siku niliyosikia kwamba Mayunga ameondoka kwetu na kwenda kuchezea timu ya wapakiaji mizigo wa Isaka. Nilikuwa nimeinama kitaluni, nang'oa miche ya mpunga. Aliyeleta habari alipita na baiskeli, akaisema huku anakwenda, kama mtu anayesema kuna mawingu. Mkono wangu ulibaki ndani ya tope.

Nakuandikia haya kwa sababu mama yako amenipigia simu kusema kwamba tangu Jumapili umenuna, hata chakula unakigusa tu, kisa yule kipa wenu amehamia kwa wapinzani wenu. Sikucheki. Au niseme kweli, nimecheka kidogo, lakini nilijicheka mwenyewe. Ugonjwa huo niliuugua kabla hujazaliwa. Shule yangu iliishia darasa la saba na kalamu yangu haina mbio, basi nawe soma bila haraka.

Mayunga alikuwa mshambuliaji wa timu yetu ya kijiji, Radi. Alicheza peku, akapiga kwa mguu wa kushoto, na mpira ukishatoka pale kipa alibaki kugeuka tu aone umeingilia wapi. Mimi mpira sikuujua. Nilikuwa kijana wa haya, wa kusalimia watu huku nikitazama vidole vyangu vya miguu. Lakini Mayunga akigusa mpira, sauti ilinitoka, mpaka wazee wakaulizana huyu ni mtoto wa nani. Nilichukua fulana yangu moja nzuri nikaandika jina lake mgongoni kwa rangi ya mafuta. Mama alinisema wiki nzima.

Na Isaka, mwanangu, ndio hao waliotufunga mwaka uliotangulia wakaondoka na dume la ng'ombe tulilokuwa tukishindania. Walilichinja kulekule kwao, na kuna watu wa kijiji chetu walioapa kwamba harufu ya nyama iliwafikia.

Mayunga alikuwa amepata kazi ya kupakia mizigo, na wapakiaji walikuwa na timu yao. Jambo lenyewe halina fumbo. Ukila na watu utacheza nao, na riziki haivutwi kwa kamba. Mimi sikutaka kusikia. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini mwenye hasira huiona yake kuwa ni haki.

Sasa sikia nilichofanya. Kwetu kupandikiza mpunga ni kazi ya zamu. Leo vijana na kina mama wote tunaingia kwenye majaruba ya mpunga ya fulani, kesho ya fulani, na mwenye shamba anatupikia. Mkuu wa vijana, ambaye kwa Kisukuma tunamwita nsumba ntale, alikuwa Bundala, mtu wa nguvu na mzaha, ila kusoma hakukupenda. Kwa hiyo daftari la zamu nililishika mimi. Kila jioni aliniuliza kesho ni kwa nani, nami nikamsomea jina. Asubuhi alipiga filimbi, watu wakatoka.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mama Mayunga. Nilichukua kalamu nikalikata jina lake. Bundala aliponiuliza, nikasoma la chini yake. Nilijisikia kama nimefunga goli.

Watu walipouliza mbona tumempita, nikasema labda wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema vilevile, na kwa kuwa sikuwa na sifa ya uongo, wakaniamini. Mtu mpole akidanganya, mwanangu, hudanganya sana, maana hakuna anayemkagua.

Lakini miche haisubiri. Ikipitiliza siku zake kitaluni inakomaa, inageuka manjano, na hata ukiipanda haichanui vizuri. Maji ya jaruba nayo yanashuka. Mama Mayunga alikuwa mjane, na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na huyo mtoto aliyeondoka. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa katika kile kitalu. Mimi nilikuwa nakiona kila nikipita, nikigeuza macho.

Ikafika zamu ya nyumbani kwetu. Asubuhi hiyo wa kwanza kufika alikuwa Mama Mayunga. Nikajua amekuja kugomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akajifunga kanga kiunoni, akachukua fungu la miche na kusimama kwenye mstari ulio kando ya wangu. Tukaanza kupanda, tukirudi nyuma.

"Shija," akasema bila kuinua kichwa, "zamu yangu umeipeleka wapi?"

Nikachomeka mche mwingine.

"Au na mimi nimehamia Isaka?"

Kina mama waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani ni utani. Mimi masikio yaliniwaka moto. Yeye aliendelea kuchomeka miche mpaka wale wengine walipotangulia, kisha akashusha sauti.

"Wewe umepoteza mfungaji. Mimi nimepoteza wa kunichotea maji. Nililia siku mbili, kisha nikamfungia michembe ya viazi vitamu na karanga, nikamwambia, nenda baba, na ukikutana na hawa wa kwetu usiwaonee haya, wafunge. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Sasa wewe uliyekuwa ukimpigia kelele, ulimpenda yeye, au uliyapenda magoli yake?"

Nikainuka na fungu la miche mkononi.

"Panda basi," akasema. "Mstari wako unapinda."

Mwanangu, kuna kukaripiwa kwa fimbo na kuna kukaripiwa kwa kusaidiwa. Huko kwa pili hakuna dawa. Mama huyu alijua nilichomfanyia, na bado alikuja kupanda mpunga wa baba yangu kwa sababu ilikuwa zamu yetu.

Adhuhuri, watu walipokaa kula, nilisimama. Haikuwa desturi yangu kusimama mbele ya watu. Nikasema mimi ndiye niliyemkata Mama Mayunga kwenye daftari, na sababu ni mpira. Bundala alinitazama muda mrefu. Nilitarajia anicheke, hakucheka.

"Mla mbuzi hulipa ng'ombe," akasema. "Kesho tunakwenda kwa Mama Mayunga. Miche yote utaibeba wewe. Na chakula cha watu wote utapika wewe."

Hapo ndipo walipocheka. Nikabeba, nikapika. Ugali wangu ulikuwa na mabuje makubwa kama mayai ya kanga, na mpaka leo nikienda msibani kuna mzee atakayeniuliza kama nimekuja kupika.

Tuliokoa majaruba matatu ya juu. Mawili ya chini maji yalikuwa yameshakauka, na miche iliyobaki haikufaa tena. Yalikaa matupu mwaka ule, na Mama Mayunga alivuna pungufu. Hakunitajia hata mara moja. Ndiyo maana nayataja mimi.

Baadaye Isaka walikuja kucheza kwetu. Mayunga akatufunga, kwa mguu uleule wa kushoto. Upande wetu wote ukafa ganzi, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anacheza na kupiga vigelegele katikati yetu: mama yake. Nikajikuta napiga makofi. Bundala akanigeukia akaniuliza, "Shija, na wewe tukukate?" Mchezo ulipoisha Mayunga alikuja kunisalimia, nikamweleza mwenyewe habari ya shamba. Akauliza kama mama yake ana kuni. Nikamwambia ninampasulia kila Jumamosi. Akanishika bega, akaenda kupanda lori lao.

Sasa mwanangu, mama yako aliniambia na jambo jingine, ambalo sikutaka kuanza nalo. Anasema mama wa huyo kipa anauza dagaa sokoni, nawe siku hizi ukitumwa kwake unapitiliza kwenda meza nyingine. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, nikatafuta kalamu.

Nuna siku mbili, si vibaya, anayependa huumia. Mzomee kipa akirudi kucheza, huo ni mpira, naye anaujua. Lakini hasira ya uwanjani ikae uwanjani. Usiivushe ikaingia sokoni, wala shambani, wala kwenye salamu za mama wa mtu. Mchezaji ni mtoto wa watu kabla hajawa wako, na akienda kutafuta maisha, anaacha nyuma pengo linalohitaji mikono. Ukimpenda kweli, ziba hilo pengo. Kesho nenda kwenye meza ile, umwamkie mama yule, ununue dagaa, na umuulize mtoto anaendeleaje huko aliko.

Nakuombea mvua ikukute umeshapanda, mgeni akukute una chakula. Na siku utakapoondoka wewe, maana nawe utaondoka, Mungu akupe watu wa kukusindikiza kwa furaha, na wa kuwaangalia utakaowaacha nyumbani.