Mbonyezo Mmoja Uliozidi

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2019. Joto tangu asubuhi, na upepo wa kusini uliopeperusha vumbi la uwanja hadi ndani ya vikombe vya soda. Mawingu yalikaa magharibi, juu ya mashamba ya mahindi, lakini mvua haikunyesha.

Lorna Vetter alifika uwanjani saa nane na nusu, saa moja na nusu kabla ya mechi, kama kawaida yake. Ulikuwa mwaka wake wa tatu akiwa mama wa timu ya besiboli ya watoto wa mji wetu wa Kesler, Iowa. Kazi hiyo hailipwi wala haigombewi. Kwenye kikao cha kwanza, mwaka 2017, kocha Hemann aliuliza nani ataifanya, wazazi wote wakatazama viatu vyao. Lorna, ambaye hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno na amezoea kuona watu wakikwepa, akanyanyua mkono ili kikao kiishe.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepanga zamu za vitafunio, aliyejua nani hali karanga na nani hulia akitolewa. Sandukuni mwake mlikuwa na barafu, plasta, pini, kamba za viatu, soksi za ziada na mfuko mkubwa wa mbegu za alizeti, maana watoto wetu hawachezi bila kutafuna na kutema maganda. Na yeye ndiye aliyehesabu.

Sheria ya ligi yetu ni kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili asirushe zaidi ya mipira themanini na mitano kwa siku, asije akaharibika mkono. Akifika hapo anamalizana na mpigaji aliye mbele yake, kisha anampisha mwenzake. Kila upande una mtu mwenye kihesabio cha chuma kiganjani. Mpira ukirushwa, anabonyeza. Hesabu mbili zikipishana, ya wenyeji ndiyo inayofuatwa. Mimi huandika kitabu cha mechi, kwa hiyo hukaa na Lorna benchi moja nyuma ya wavu. Kidole chake kilipoteleza, aliniambia papo hapo: "Moja imezidi, andika." Ilitokea mara mbili msimu ule, na mara zote mbili niliandika.

Mrushaji wetu siku ile alikuwa Dawson Pruitt, mtoto mrefu, mkimya, mwenye masikio makubwa. Baba yake, Lyle, ni dereva wa lori la masafa marefu, na alikuwa hajamwona mwanawe akirusha hata mara moja mwaka ule. Usiku wa kuamkia mechi aliendesha kutoka Texas bila kulala. Alisimama kwenye wavu na kofia yake mkononi, macho mekundu.

Garrett, mtoto wa Lorna, alikuwa mrushaji wa akiba. Msimu mzima alikuwa amerusha mipira kumi na mmoja tu. Jioni alikuwa akirusha peke yake kwenye mlango wa gereji mpaka rangi ikabanduka, na wiki ile mama yake alipomwita kula alisema hana njaa.

"Lini mimi, Mama?"

"Zamu yako itafika."

"Ulisema hivyo Aprili."

Mechi ilianza kwa kelele. Benchi la wageni lilimtania Dawson kila alipoinua mguu. "Bibi yangu anarusha kwa kasi kuliko wewe! Na ana goti la bandia!" Watoto wetu wakajibu, "Basi mleteni bibi, nyie mnapunga nzi tu hapo!" Na kweli walikuwa wanapunga nzi. Mpira wa Dawson ulifika na kupita kabla gongo halijakamilisha mzunguko.

Kufikia awamu ya nne kelele za upande wetu zilikoma, na kila mtu alijua kwa nini. Kwenye ukuta wa kibanda cha vitafunio pana ubao wenye majina tisa ya watoto waliorusha mechi nzima, awamu zote sita, bila mpigaji hata mmoja kuugonga mpira na kufika salama kituo cha kwanza. Jina la mwisho liliandikwa mwaka 1998. Dawson alikuwa njiani kuwa wa kumi. Lakini jambo hilo likiwa linaendelea halitajwi. Ukilitaja umelivunja, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Wenzake walimwachia benchi zima akae peke yake. Mama mmoja alipoanza kusema, "Jamani, mbona huyu mtoto haja—" mumewe alimtia kipande cha mkate mdomoni.

Ikawa awamu ya tano. Mtoto mmoja wetu alikuja na kidole kilichochubuka. Lorna akainama kumtolea barafu kwa mkono wa kushoto, kihesabio kikiwa kulia, na Dawson akarusha. Kidole gumba kikabonyeza, kikateleza, kikabonyeza tena.

Aliusikia mbonyezo wa pili, na baadaye alinieleza mwenyewe: aliusikia kama mtu anavyosikia jino likivunjika. Akanigeukia aniambie, na juu ya bega langu akamwona Garrett kando ya uwanja, akiuzungusha mkono wake taratibu kuupasha moto ingawa hakuna aliyemtuma. Akafunga mdomo. Nitasema awamu ikiisha, alijiambia.

Awamu ilipoisha, mhesabuji wa wageni, msichana aitwaye Tessa, alikuja kulinganisha. Alinong'ona, kwa sababu ya lile lisilotajwa.

"Mimi nina sabini, dada."

"Mimi nina sabini na moja," alisema Lorna.

Tessa aliona haya. "Basi nitakuwa nimeruka mmoja. Leo ni mara yangu ya pili kukishika hiki kidude. Kila mtu ananiambia wewe hukosei."

Akabonyeza chake kikafika sabini na moja. Hesabu ya kweli ikawa haiko tena mkononi mwa mtu yeyote, isipokuwa kichwani mwa Lorna.

Awamu ya sita, ya mwisho. Sisi mbili, wao sifuri. Dawson akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili. Amebaki mmoja. Kihesabio cha Lorna kilisoma themanini na tano.

Kocha Hemann alikuja hadi kwenye wavu. Hakutazama ubao, hakutazama watu.

"Lorna. Ngapi?"

"Themanini na tano."

"Una hakika?"

Lorna anasema hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ingekuwa themanini na nne, Dawson angemkabili mpigaji wa mwisho na kumalizana naye kwa mipira yoyote ile. Mpira mmoja tu.

"Nina hakika," alisema.

Kocha alivua kofia, akajifuta jasho, akaenda. Watu mia moja walitazama na hakuna aliyeguna, maana kuguna kungekuwa kutaja. Dawson alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akamngojea Garrett aje amkabidhi mpira. Alimwambia jambo, na upepo ulikuwa unatujia, tukalisikia: "Mrushie chini. Huyu anapenda ya juu."

Lorna alizungusha kitufe ili aanze kumhesabia mwanawe. Namba zote zikarudi sifuri.

Garrett alirusha mipira mitatu, yote chini. Wa tatu uligongwa ukabingirika, ukadakwa, ukarushwa kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Mechi ikaisha. Watoto wakamrukia Garrett wakamlaza chini kwa furaha, na Dawson naye alirukia, juu ya wote.

Ndimi za watu zikafunguka. Mzee Boyle, mtunza ubao, alikuwa ameshusha brashi na kopo la rangi, akavirudisha rafuni. "Ubao huandikwa jina moja," alisema. "Hauandikwi majina mawili. Sikuuweka mimi utaratibu huo."

Kwenye meza ya soseji Lorna alisifiwa kuliko siku zote. "Mwaka jana wenzetu wa mji wa jirani walinyang'anywa mechi kwa kupitisha hesabu," alisema mama mmoja. "Sisi tuna Lorna. Huyu hata pumzi anahesabu!"

"Acheni," alisema Lorna. "Kuleni."

Lyle Pruitt akaja, kofia bado mkononi. "Nilitaka amalize, sitakudanganya," alisema. "Nimeendesha maili mia tisa. Lakini mkono ni wake wa maisha. Asante kwa kumlindia mwanangu."

Lorna alimpa mkono. Kiganja chake, anasema, kilikuwa bado kina alama ya duara ya kile kidude.

Jioni ile Garrett alikula sahani mbili, akamsimulia baba yake mpira wa tatu mara nne, kila mara ukiwa umeshuka chini zaidi. Lorna aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mumewe alimuuliza ana nini, akasema ni jua tu. Alijaribu kuhesabu upya kwa kumbukumbu, labda hakuteleza, labda Tessa kweli aliruka mmoja. Kila alipofika kwenye barafu na kile kidole kilichochubuka alisikia mibonyezo miwili.

Asubuhi ya Jumapili alimwambia Garrett kwanza, mezani, kabla hajavaa nguo za kanisani. Mtoto aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo haikuwa zamu yangu."

"Haikuwa."

"Na utawaambia?"

"Baba yake Dawson anaondoka saa tano."

"Mimi siji," alisema Garrett, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Usinilazimishe, Mama."

"Sikulazimishi. Kosa ni langu."

Nyumba ya akina Pruitt iko mwisho wa barabara ya kokoto, baada ya maghala ya nafaka. Lori lilikuwa limeegeshwa nje, linanguruma. Lorna alipanda ngazi akagonga. Dawson ndiye aliyefungua, akiwa pekupeku, na bakuli la nafaka na maziwa mkononi.

"Bi Vetter. Kuna mazoezi?"

"Hakuna mazoezi. Jana nilibonyeza mara mbili kwa mpira mmoja, Dawson. Nilijua. Kocha aliniuliza, na nikamwambia nina hakika. Ulikuwa umerusha themanini na minne."

Mtoto alimtazama. Kijiko kilizama ndani ya maziwa, hakukifuata.

"Sema tena ngapi?"

"Themanini na minne."

Dawson aliligeuza bakuli kidogo, kama anayetafuta pa kuliweka. Kisha akageuka akaita ndani, "Baba!" na sauti yake ikakatika katikati.

Lorna alibaki kwenye ngazi. Angeweza kuondoka, gari lake lilikuwa hatua kumi nyuma yake. Lyle alitoka na buti moja mguuni na nyingine mkononi, akamtazama mwanawe, akamtazama Lorna, na Lorna akavuta pumzi akaanza upya, tangu kwenye barafu.