Ripoti ya Kijani Mapokezi

Nilikuwa kwenye benchi la mapokezi ya zahanati moja huku Mbagala, nasubiri mama aitwe, nikamsikia dada mwenye laptopu akimhoji msimamizi. Alikuwa anakagua mfumo wao wa kadi za wagonjwa, ambazo siku hizi zinatunzwa mtandaoni, kwenye kompyuta za kukodi.

“Mmeshawahi kujaribu kurudisha kadi kutoka kwenye nakala ya akiba?”

“Hatujawahi.”

“Basi najaza ‘hapana’. Itatoka nyekundu, hatari kubwa.”

Msimamizi akafunika kioo kwa kiganja. “Dada’angu, ripoti hii inaenda kwa wakubwa. Hakuna jibu lingine?”

“Lipo ‘haituhusu’. Hilo halihesabiwi kuwa hatari.”

“Weka hilohilo.”

Dada akapumua, akaweka.

Wiki iliyopita nilimrudisha mama. Kadi yake haipo. Za watu wote hazipo, na nakala imegoma kufunguka.

“Shikamoo mama,” akasema msimamizi yuleyule, kafungua daftari jipya. “Tunaanza upya. Dawa gani inakudhuru?”

Mama akanitazama mie. Nami sikumbuki jina la dawa hiyo; ndiyo maana tuliwapa wao waandike.

Nikauliza kama na ile ripoti ya ukaguzi imepotea.

“Hapana,” akasema, akanyoosha kalamu ukutani. “Ile tuliichapa.”

Ilikuwa juu ya kichwa chake, kijani tupu, ina muhuri na fremu ya dhahabu. Sie cha kuwaonyesha wakubwa hatujawahi kukipoteza.