Godoro Kisiwani

Jumamosi kwaya yetu kutoka Masisi ilishuka hadi Bweremana, tukapanda boti kwenda kutembea kisiwani. Mama mmoja wa kwaya, muuza maziwa, alifika na sufuria, blanketi na godoro lililofungwa kamba.

“Mama, tunaenda tu kutembea,” kiongozi wa kwaya akamwambia.

“Mimi wakisema tunaondoka, nafunga mizigo.”

Kisiwani wenzake walivaa miwani ya maji, wakazamisha vichwa kutafuta samaki. Yeye alikalia godoro lake, viatu mguuni, mkono juu ya sufuria. Kiongozi akampelekea miwani.

“Mama, kuja uone samaki.”

“Samaki naonaka mu sahani. Niache, kaka, nimechoka.”

Jioni boti ilitushusha palepale ilipotupakia. Mama akatazama ufuo, akatua sufuria chini, akacheka polepole. Kiongozi akamuuliza nini kilimpendeza, maana hata mguu hakulowesha.

“Kurudi,” akasema. “Kwa sababu ya vita nimeshaondoka kwetu mara ine. Leo njo mara ya kwanza narudi siku ileile.”

Asubuhi nilikuwa nimelicheka lile godoro. Nilipofika nyumbani, mlango ulikataa kufunguka vizuri: umezuiwa na begi langu, ambalo sijalifungua tangu tulipokimbia mwaka jana.