Kocha Aliyesema Ni Yeye

"Mama Adoyo, toa huyo mtu kwako ama niingie nimtoe mwenyewe."

"Mama Kiptum, huyu ni mgeni wangu."

"Mgeni? Huyo aliniulia mtoto na wewe unamkalisha kwa stuli?"

Wewe ungejibu nini hapo?

Tulikuwa tunarushiana maneno juu ya ua wa michongoma, mbele ya watu. Huyo mama alikuwa jirani yangu Chepchirchir, na kaburi la kijana wake Kiptum lilikuwa hapo nyuma ya nyumba yake, karibu na shamba la chai. Mgeni wangu alikuwa Alfayo. Alikaa ameshika kofia magotini.

Alfayo alikuwa kocha wa raga. Na mbele ya kaburi lile, alikuwa amekiri kwa mdomo wake kwamba yeye ndiye alisababisha kile kifo.

Hiyo vita ya ua ilikuwa 1998, huku Kericho. Naandika leo kwa sababu nawaona mkibishana hapa mtandaoni kuhusu kocha mzuri ni yupi, mnahesabu vikombe. Kaeni kidogo niwaambie.

Mimi sikusoma sana. Masomo yangu yote niliyapata kwa hoteli yangu, pale nje ya geti ya kiwanda cha chai. Chapati, supu na umbea. Ikijaa watu ndio nasikia raha.

Raga ilipoanza kuruhusu wachezaji walipwe, kampuni moja ya chai ikaamua kuwa na timu yake. Vijana wakatolewa mashambani, wakawekwa kwa mshahara wa kukimbia na mpira. Tuliona kama wamepata kazi ya malaika. Bwanangu Owiti, mtu wa kubeba magunia kiwandani, naye akachukuliwa kwa ajili ya kile kifua chake.

Kocha mkuu akaletwa Alfayo, mtu wa ziwani kama sisi, si mwenyeji wa Kericho.

Huyo jamaa hakuwa wa kelele. Alikuwa anakuja hotelini anakaa kwa kona, anaangalia tu nani amekaa na nani, nani leo hajamaliza chakula. Alikuwa anajua kijana amegombana na bibi kabla hata mimi nijue, na mimi hapo ndipo ofisi yangu ilikuwa.

Wakishinda, alisema vijana wamecheza. Wakishindwa, alisema ni yeye alipanga vibaya. Nilidhani ni adabu tu ya mdomo.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kuna kitu kinaitwa skramu. Wanaume wanane wanashikana mabega, wanainama, wanasukumana na wanane wengine kama mafahali. Ukiachilia mwenzako wakati mbaya, wote wanaanguka, na yule wa katikati mbele anatangulia na shingo.

Wengi wa vijana waliacha shule mapema, kwa hivyo Alfayo hakutaka maneno ya Kizungu. Akawapa maneno mawili ya Kiswahili. *Bana*, yaani kazeni, msiachane. *Pana*, yaani achaneni, tawanyikeni na mpira.

Aliyekuwa anaita hayo maneno ni kapteni, Kipkirui. Kijana mzuri sana, na kifungua mimba wa Mama Kiptum, ingawa sisi tulimwita huyo mama kwa jina la yule mdogo.

Kwetu ziwani hayo ni maneno mawili. Kwa mdomo wa Mkipsigis, mwenyeji wa hapa, B na P ni ndugu wanaovaliana nguo. Kipkirui alikuwa ananiagiza "pakuli ya supu" tunacheka wote, na yeye anacheka kutushinda.

Mazoezini haikuleta shida. Uwanja ulikuwa kimya na watu walikuwa wanaonana uso.

Siku ya mechi ilinyesha. Timu ilikuwa ya mjini, wanaume wa kula vizuri. Skramu ikapangwa karibu na laini yetu, watu wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Pale mbele katikati alikuwa Kiptum, ndugu mdogo wa Kipkirui. Kulia kwake, Owiti wangu.

Tukaona nusu ya watu wetu wameachilia, nusu wanasukuma.

Ikaporomoka. Wote wakaamka, isipokuwa Kiptum.

Alipelekwa hospitalini, lakini Jumapili haikumkuta hai.

Siku ya mazishi, kabla udongo urudishwe, Mama Kiptum aliuliza kwa sauti ya chini sana. "Nani aliwaambia waachane?"

Kipkirui alikuwa anaangalia chini. Owiti alinishika mkono mpaka ukaniuma. Nilidhani ni uchungu tu.

Alfayo akatoka kwa watu. "Ni mimi, mama. Niliita kutoka kando ya uwanja. Niliita vibaya."

Mama akachota udongo wa kaburi akamrushia usoni. Hakujipanguza. Alisimama vile vile mpaka wazee wakamwambia aende.

Kampuni ikamfuta kazi. Nikasikia yuko Soin, anachoma matofali. Hapa kwetu jina lake likawa tusi.

Timu ikabaki ikiyumba na makocha wa kuazima. Halafu hiyo 1998 wakamchagua Kipkirui kuwa kocha mkuu. Mtaa ukasherehekea. Yeye hakusherehekea. Akapotea kutwa nzima, na kesho yake Alfayo akabisha kwangu, amekonda, akasema Kipkirui amemfuata Soin akamwomba aje amngojee hapa.

Mama Kiptum akamwona akiingia. Ndio ile vita ya ua.

Tukiwa bado tunatupiana maneno, Kipkirui akatokea kwa njia ya majani chai, nguo zimelowa. Akasimama mbele ya mamake.

"Mama, wacha huyo mtu. Hakuita kitu siku hiyo. Niliita mimi."

Mama akasema, "Wewe uliwaambia waachane?"

"Hapana. Niliwaambia washikane. Nilisema pana."

Hata wakati huo, akitafuta hilo neno kwa nguvu zake zote, lilitoka hivyo. Na watu hawakucheka.

Owiti akatoka kwa nyumba. Mwanaume wangu, mtu wa kifua, alikuwa analia wazi wazi. Akasema yeye alisikia *pana*, akaachilia. Na wenzake wa ziwani wakaachilia. Vijana wa Kipsigis walijua mdomo wa kapteni wao, wakakaza. Kila mtu alitii kile alichosikia.

Na katikati yao alikuwa Kiptum.

Niliona vichwa vya watu vikigeuka, hawa wanatafuta hawa. Miaka ile ya vita vya makabila mnajua vile tulikuwa tunaangaliana, wenyeji na sisi. Neno moja la hasira pale kaburini lingechoma kambi nzima ya wafanyakazi.

Mama akamgeukia Alfayo. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua siku hiyo hiyo, mama."

"Na ukakubali nikutupie udongo."

"Ulikuwa umezika mmoja," Alfayo akasema. "Ningekwambia ni huyu aliita, ungebaki na nani?"

Akaendelea pole pole, kama mtu anayejisemea.

"Na haikuwa uongo wote. Hayo maneno nilichagua mimi. Yanatoka vizuri kwa mdomo wa kwetu, lakini sikusikiliza mdomo wa kijana kabla nimpe neno la kubeba shingo ya ndugu yake. Hiyo ni kazi ya kocha, na sikuifanya."

Mama Kiptum akageuka, akaenda kwake, akafunga mlango.

Mvua ikaanza tena. Kipkirui akabaki nje ya mlango wa nyumbani kwao, hawezi kubisha, hawezi kuondoka. Alfayo akavaa kofia, akavuka ua, akaenda kusimama kando yake. Walilowa tu pamoja.

Nimeona makocha wengi kwa televisheni tangu siku hiyo. Wakishindwa wanamtaja refa, wanamtaja kijana aliyeangusha mpira. Mimi nawapima na kitu kimoja. Kocha mzuri anawapa vijana maneno wanayoweza kuyatamka hata wakiishiwa pumzi. Na yakivunjika, yeye ndiye anayameza. Alfayo alikosa la kwanza, na la pili lilimgharimu kila kitu. Kwangu bado hajatokea mwingine.

Giza lilikuwa linaanza kuingia mlango ulipofunguka. Mama Kiptum alikuwa amejifunga leso upya, uso umevimba. Akamwangalia kijana wake muda mrefu, mpaka mimi kwa ua nikaanza kuomba.

"Kipkirui," akasema. "Ingia ukule."

Kijana hakuweza kuinua mguu. Alfayo akamshika mgongo, akamsukuma kidogo, halafu yeye akarudi nyuma aende zake.

"Na wewe, kocha, unaenda wapi? Kuna ugali. Ingia."