Gari Lililomfuata Njoki

Njoki, ambaye majirani humwita Mama Kiarie, hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alizaliwa Rhonda, Nakuru, akaolewa huko huko, akauza mitumba huko huko, hadi Januari ile ya 2008, ya vurugu za baada ya uchaguzi, alipokimbia na Kiarie mgongoni, watu ambao hakuwahi kuwakosea wakiwa nyuma yake. Alijificha ndani ya mtaro akapona. Mumewe hakupona. Kutoka kambi ya wakimbizi alihamia Mai Mahiu, chini ya mteremko, akapata kipande cha shamba na kuanza upya na kondoo wawili. Huko alijulikana kwa kicheko chake. Jambo moja tu lilimshinda: kuvumilia mtu akitembea nyuma yake. Hata kanisani alikaa benchi la mwisho.

Mwaka jana, kiangazi kilipokaza, watu wa kampuni fulani walifika pamoja na wanajeshi, wakazungushia bendera nyekundu ule uwanda ulio mbele ya shamba lake. Chifu aliita baraza akaeleza kwamba kuna gari la kijeshi linajaribiwa. Halina dereva. Halitumii dizeli bali gesi ya haidrojeni, na kazi yake ni kuwabebea askari maji, risasi na majeruhi.

"Msivuke bendera," chifu akasema. "Hiyo tu."

Lakini kondoo hawajui bendera. Asubuhi moja walipenya na kutokomea kwenye vichaka vya leleshwa. Upepo ulikuwa baridi, kwa hivyo Njoki alivaa reflekta ya Kiarie, ile jaketi ya njano inayong'aa anayoendeshea boda boda, akawafuata. Alivuka bendera akijiambia atatoka kabla ya mtu kumwona.

Alikuwa amekwenda mbali kidogo aliposikia kokoto zikipasuka nyuma yake. Hakusikia injini. Aligeuka.

Lilikuwa kubwa kama pikapu ndogo iliyokatwa kichwa. Magurudumu sita, hakuna kioo, hakuna kiti, hakuna mahali pa mtu. Juu yake palisimama mlingoti mfupi wenye kitu cheusi kilichogeuka taratibu mpaka kikamwelekea. Kando ya mlingoti, chini ya turubai, palilala kitu kirefu chembamba. Njoki aliona bunduki.

"Boss!" aliita, akidhani kuna mtu karibu. "Boss, nafuata kondoo tu! Natoka saa hii!"

Hakuna aliyemjibu. Aliinua mikono. Gari lilitulia, likitoa mvumo mdogo kama wa friji ya dukani, na maji yakidondoka chini ya tumbo lake. Alipopiga hatua moja, nalo likasogea kidogo. Aliposimama, likasimama. Akaenda kushoto, likaenda kushoto.

Wale wa Rhonda walikuwa watu. Mmoja wao alimjua kwa jina, na Njoki alipomtazama usoni mtu huyo alisita, na kusita kule ndiko kulikompa nafasi ya kukimbia. Hiki hakikuwa na uso wa kuutazama.

Alimpigia simu Kiprugut, jirani yake aliyekuwa soja kwenye geti la kampuni.

"Kiprugut, hiyo gari yenu inanifuata!"

"Uko ndani ya bendera? Mama Kiarie, usikimbie! Ukikimbia na yenyewe itakimbia. Wacha niite enjinia."

Lakini miguu ilikuwa imeshaamua. Njoki alikimbia kuelekea korongo lililokatiza uwanda, akiamini kitu cha magurudumu hakiwezi kushuka kule. Alijitupa chini, akabingirika hadi mchangani. Alipoinua kichwa aliona magurudumu mawili yakichungulia ukingoni. Likashuka. Lilijigonga kwenye jiwe, likapinduka ubavu na kuziba njia aliyojia, huku kitu ndani yake kikianza kufoka kama nyoka. Hata likiwa limelala hivyo, magurudumu yaliendelea kuzunguka hewani, na mlingoti uliopinda bado ulimtazama.

"Mama! Usisogee!" Kijana mmoja alitokea juu, akihema. Alikuwa Hafiz, enjinia wa mitambo ya gesi, mtoto wa Nakuru mjini. "Usikaribie hapo, inawaka!"

"Nini inawaka? Sioni moto!"

"Huwezi kuiona. Moto wa hii gesi mchana hauonekani!"

Njoki alikaza macho. Hewa kando ya gari ilikuwa ikitetemeka kama juu ya jiko. Majani ya leleshwa yalijikunja yakawa meusi, na hapakuwa na ulimi wa moto wala moshi wa maana. Kabla hajapiga kelele, mmoja wa kondoo wake aliyekuwa amepotelea humo korongoni alisogea kunywa yale maji yaliyodondoka kutoka garini. Manyoya yake yaliwaka ghafla. Mlio wake Njoki hajaweza kuusahau.

"Nitoke wapi, kijana wangu?"

"Vua reflekta kwanza, ifiche chini ya jiwe! Ndiyo inafuata! Halafu lala chini kabisa, utambae kwa ukuta ya kushoto. Gesi inapanda juu."

Njoki aliivuta ile reflekta kichwani, akaisokomeza chini ya jiwe, na magurudumu yakaacha kuzunguka. Kisha akatambaa, uso mchangani, joto likimpita mgongoni, hadi mikono ya Hafiz ikamvuta juu.

Waliketi chini wote wawili. Hafiz alimpa maji.

"Pole sana, mama. Imefundishwa kumfuata askari anayetangulia. Kwenye mazoezi tunavaa reflekta kama hiyo yako. Ilifikiri wewe ndiye kiongozi wake."

"Mimi? Kiongozi?"

"Ndiyo. Na ile kitu ndefu ni vyuma vya machela tu. Si bunduki."

Njoki alimtazama. "Na bunduki, wataiweka?"

Hafiz alifunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. "Mimi kazi yangu ni gesi, mama," alisema mwishowe.

Kampuni ilimletea kondoo mwingine, ikang'oa bendera na kuhama. Kwenda wapi, hakuna aliyeambiwa, na hilo ndilo linalomsumbua Njoki. Uwandani hajarudi, ingawa mvua ilinyesha na nyasi zikawa za kufika magotini. Siku hizi anachungia kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposhuka yakinguruma, kwenye majani yaliyojaa vumbi na mafuta.

"Mama, lori itawagonga hapo," Kiarie humwambia.

"Lori naisikia ikiwa bado iko huko juu," humjibu, na kuwasogeza kondoo karibu zaidi na lami.