Stuli ya Injini ya Ningi Maduhu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala tupa. Fundi Mkuu wa karakana ya Nyalikungu alinipa kioo cheusi cha wachomeleaji, akanionyesha debe lililopinduliwa, akaniambia nikae nitazame. Alikuwa mzee wa Tanga, mfupi, mwenye Kiswahili kitamu na mkono mwepesi wa kuzaba makofi.

"Mwanangu," alisema, "moto huu ukiutazama kwa macho matupu utalia na hakuna aliyefiwa. Tazama kwa kioo."

Nilitazama kutwa. Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona chuma kikiyeyuka.

"Basi hujaona kitu. Kesho urudi ukae hapo hapo."

Kesho yake ndipo nilipoona. Ncha ya rodi ikigusa chuma hutokea kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka, na kazi yote ya fundi ni kukiongoza kidimbwi hicho kisikimbie wala kisichelewe. Nilipomweleza hivyo, Fundi Mkuu alicheka, akanipa rodi moja, tena nusu.

Ninyi vijana mnaochomelea mageti barabarani siku hizi mna mashine za kukatia zinazolia mtaa mzima. Sisi tulikata kwa msumeno wa mkono, chuma kikiwa kwenye jiriwa, mpaka bega linakufa ganzi. Gesi ya kukatia tuliipika wenyewe kwa kabaidi, yale mawe ya kijivu yanayochemka yakiguswa na maji. Rodi zilitoka Mwanza kwa kibali, na zikikosekana tulikaa tukizitazama mashine kama waliofiwa. Silalamiki. Nilikuwa fundi hodari, na nalisema kwa kinywa changu mwenyewe kwa sababu waliokuwa na haki ya kulisema wamekwisha kulala.

Kutoka Nyalikungu nilipelekwa Mwandoya, chini ya Msimamizi wa Zana, kutengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Huko nilijifunza kwamba chuma kikipata moto huvuta. Ukichomelea upande mmoja mpaka mwisho, fremu inapinda kama mgongo wa bibi mpanda viazi. Kwa hiyo unashikiza kwanza kila pembe kwa tone dogo, kisha unachomelea huku kidogo na kule kidogo, moto uvutane na moto. Msimamizi wa Zana hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi ikimpendeza aliipiga teke, na isipovunjika aliondoka bila kusema kitu.

Baadaye nikahamishiwa Bariadi, kwenye kinu cha kuchambua pamba. Wakati huo hapakuwa na mkoa wa Simiyu, sote tulihesabiwa Shinyanga. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, vijiji vikipangwa upya, na kila mtu aliitwa Ndugu, hata yule uliyekuwa umegombana naye asubuhi.

Pale kinuni alikuwapo Maduhu, mfanyakazi wa idara ya kufunga marobota. Kazini alikuwa mtu wa kawaida, lakini uwanjani alikuwa ningi, yaani kiongozi wa kundi la ngoma. Kwetu Usukumani, pamba ikishavunwa, vyama viwili vya ngoma, Bagika wetu na Bagalu, hupambana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na watu huachwa huru kwenda wanakopenda. Mwenye watu wengi jua likielekea kuzama ndiye mshindi. Ndiyo maana kila ningi hutafuta jambo la kuwavuta watu, na wimbo wa kuwashika wakishafika.

Msimu mmoja robota la pamba lilimwangukia Maduhu miguuni. Aliponyoka na uhai wake, lakini miguu haikumrudia. Alirudishwa nyumbani akawa wa kukaa ndani. Hakukubali kubebwa nje, hata kuota jua. Kundi lake likaanza kumeguka. Wengine walishasema wazi kwamba ningi asiyesimama amekwisha, na kama msimu ule asingetokea uwanjani, wangekwenda kwa ningi mwingine.

Nilikwenda kumwona. "Mwadila, ngosha," nilimsalimu, naye akaitikia akiwa ametazama ukuta.

"Nkwabi," akasema, "mimi nakula, nalala, nakula. Hata kuku wa hapa wananishinda, wao wanatoka."

Maneno yale yaliniuma kweli kweli. Nikarudi zangu kupitia klabu ya wafanyakazi, na pale kaunta nikaziona zile stuli ndefu za miguu ya bomba. Nikaikalia moja, nikaona vichwa vya watu wote vipo chini yangu. Hapo hapo nikajua la kufanya. Ningi asiyeweza kusimama angekaa juu kuliko wote wanaosimama, na kiti chake kingetembea.

Nilikwenda kwa Meneja wa kinu kuomba ruhusa.

"Ndugu Nkwabi," alisema, "Taifa linataka pamba, na wewe unataka stuli ikimbie?"

"Ndugu Meneja, pamba hiyo hiyo ndiyo iliyomkalisha."

Alifunga na kufungua kalamu yake. "Chakavu tu. Rodi uokote vipande. Na iwe baada ya saa za kazi."

Basi nikajenga. Fremu niliitoa kwenye vyuma vya pembe vya tela bovu. Nyuma niliweka magurudumu ya pikipiki iliyokufa, mbele magurudumu ya toroli, na usukani ukawa mpini wa baiskeli. Injini ilikuwa ya pampu ya maji, silinda moja ya petroli, iliyokuwa imelala stoo. Klachi nayo niliifanya kwa mkanda: ukivuta wenzo, mkanda unakaza, kiti kinaondoka, ukiachia, unalegea, kinasimama. Stuli niliichomelea juu ya fremu, kila mguu kwa mshono wa kuzunguka, magamba madogo madogo yamepangana kama ya samaki. Sijapata kutoa mshono mzuri kama ule. Niliupaka rangi nyekundu halafu nikajuta, kwa kuwa rangi iliuficha.

Jaribio la kwanza niliendesha mwenyewe uani mwa kinu. Nilikata kona moja tu, kiti kikalala ubavu na mimi nikaingia kwenye rundo la mbegu za pamba. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kitu kirefu chenye uzito juu hakipendi kona. Nikaongeza upana wa ekseli ya nyuma, nikaishusha injini chini kabisa ya fremu, na nikachomelea egemeo la mgongo na la mikono. Nilimpelekea Maduhu habari, akakubali kutoka kwa kiti hicho. Nilitaka pia kumfunga mkanda wa kiunoni.

"Ningi hafungwi," alikataa. "Anayefungwa ni ndama."

Meneja alikuja kutazama jaribio la pili, mikono nyuma, uso wa ofisini. Kisha akaomba apande. Alizunguka kinu chote akipiga kelele kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili, na siku zile Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea ili kuokoa petroli. Askari alitusimamisha kabla ya kufika uwanjani, akakizunguka kile chombo mara kadhaa.

"Hili ni gari?"

"Ni stuli, Afande," nikajibu.

"Stuli ina injini?"

Maduhu akainama kutoka juu. "Afande, mimi nimekaa tu. Kama kiti kinatembea, kiulize chenyewe."

Askari alijitahidi asicheke, akashindwa, akatupisha.

Wapinzani wetu walikuwa Bagalu wa upande wa Bukundi, na walikuja na vijana waliocheza juu ya mironjo, ile miti mirefu ya kusimamia. Walipoanza, uwanja wote ulimiminika kwao. Ndipo nikavuta kamba ya injini. Maduhu alitokea katikati ya vumbi, amevaa manyoya kichwani, juu ya kila mtu, akija bila kupiga hatua. Kina mama walipiga vigelegele. Watu wakakimbia kuja kwetu, wengine wakiacha kanga chini. Bagalu wakapaza sauti kwamba tumetumia dawa. Tukawajibu kwamba ndiyo, dawa yenyewe inaitwa petroli.

Nilikuwa nimevimba kifua. Kisha Maduhu akafungua kinywa kuimba, na hakuna aliyemsikia.

Sote tulikuwa Wasukuma, tumekulia katika ngoma, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kelele ya eksozi. Injini ilimeza wimbo, ikameza na ngoma. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufungika. Watu walicheka kidogo, wakashangaa kidogo, halafu wale wa nyuma wakaanza kugeuka, kwa kuwa kule kwa Bagalu wimbo ulikuwa unasikika. Niliona nimemtoa ndani nije kumwaibisha mbele ya wilaya nzima. Nikaanza kukimbia kuelekea kwake.

Sikuwahi kufika. Maduhu alinyoosha mkono, akafunga petroli. Injini ikakohoa, ikafa. Hakungoja ngoma, aliimba peke yake, kwa sauti ile ile iliyojulikana mpaka Meatu. Aliimba kwamba robota lilitaka kumfanya zulia, sasa lije limtafute juu. Wapiga ngoma wake wakamdaka. Wale waliogeuka wakageuka tena. Jua lilipoinama, upande wa Bagalu walibaki wenyewe na mironjo yao, na baadaye ningi wao naye akavuka kuja kusikiliza.

Nimestaafu sasa. Nimechomelea matangi, matela, madaraja ya mitaro, na madirisha ya shule ambayo bado yapo. Mafundi niliowafundisha wana karakana zao Bariadi na Maswa, na nikipita huficha mishono yao mibaya. Hilo linanifurahisha kuliko salamu. Lakini wakiniuliza ni kazi gani ninayojivunia kuliko zote, huwa nawaeleza yaliyotokea wiki moja baada ya yale mashindano.

Maduhu alikuja karakana, juu ya kiti chake, injini ikiunguruma, akaizima.

"Nkwabi, ng'wana wane, washa gesi. Ikate hii miguu ya stuli."

Nilidhani ananitania. "Watu wanatoka Mwandoya kuja kuitazama!"

"Wameshaitazama. Jioni nikifika shikome, wanaume wote wamekaa chini kuzunguka moto, mimi niko huku juu kama kunguru. Wananiambia habari mpaka shingo zinawauma. Binti yangu mdogo akiniletea michembe ya viazi, mkono wake haunifikii."

Nilitaka kubishana. Miguu ile ilikuwa na mshono wangu bora. Nikamtazama, nikaona amekwisha kuamua, nikavaa miwani na kuwasha gesi. Miguu ilianguka sakafuni mmoja baada ya mwingine. Kiti nilikichomelea upya, chini kabisa, karibu na ardhi.

Jioni ile nilimsindikiza nyumbani kwake. Wazee pale motoni walisogea bila kuambiwa, akaingia katikati yao na kusimamisha kiti. Bintiye akaja na bakuli, akachagua kipande kikubwa cha mchembe, akamtia baba yake kinywani.